Chungu cha sakulenti: uzuri unaanzia kwenye tundu la chini

Juzi nilimwaga chungu kilichokufa juu ya gazeti la zamani, pale roshani kwangu Dar es Salaam. Lilikuwa bakuli la kauri jeupe, zawadi ya Februari, limepangwa sakulenti saba zilizobanana kama keki ya harusi: mawaridi ya kijani yenye ncha za pinki, kaktasi mbili za duara, kitu kama shanga kikining'inia ukingoni. Kila mgeni alilipiga picha. Masika yalipofika kati, mawaridi yakaanza kugeuka rangi ya maji ya mchele, na nikiligusa jani linabaki mkononi.

Harufu ilitangulia. Udongo ukatoka kipande kimoja, mweusi, wenye umbo la bakuli lenyewe. Mizizi nilipoivuta ganda lilitoka, ukabaki uzi. Chini kabisa palikuwa na tabaka la kokoto nyeupe, zile muuzaji alizosema ni za kupitisha maji, nazo zimelala ndani ya maji. Zingeyapitisha wapi? Bakuli halikuwa na tundu hata moja.

Makala haya yanahusu upangaji wa sakulenti kwenye vyungu ili zipendeze. Nimeanza na mzoga kwa sababu ushauri mwingi juu ya jambo hili unaanzia kwenye rangi na maumbo, wakati chungu kinachopendeza siku ya kwanza na kile kinachopendeza mwaka wa tatu hutofautishwa na mambo yasiyoonekana pichani: maji yanakaa wapi, usiku una joto kiasi gani, na nani amewekwa jirani na nani.

Sakulenti si ukoo mmoja wa mimea. Ni jina la tabia: kuweka akiba ya maji mwilini. Koo nyingi zisizo na undugu wa karibu zimeifikia tabia hiyo kila moja kwa njia yake. Mshubiri huweka akiba kwenye majani. Mnyaa na kaktasi huweka kwenye shina. Adeniamu, ile ambayo wauza miche wengi huiita waridi la jangwani, huvimbisha kitako cha shina mpaka kikafanana na chupa. Zamioculcas huficha yake ardhini, kwenye mashina yaliyonenepa mithili ya viazi. Kwa hiyo mtu akikuambia “sakulenti hazitaki maji,” ni kama amekuambia watu wenye akiba benki hawataki mshahara. Wanautaka, ila hawaulilii kila siku.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililoua mawaridi yangu kwa upande wake. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni dioksaidi, na kwa vitundu hivyohivyo hupoteza maji. Sakulenti nyingi zimegeuza ratiba. Hufungua usiku, wakati jua halipo, huvuta hewa na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana hufunga mlango na kuitumia akiba hiyo pamoja na mwanga. Ndiyo maana hustahimili ukame, na ndiyo maana pia nyingi hukua polepole. Basi usiku ni saa za kazi, na saa hizo zikiwa na joto lisilopungua, mmea uliozoea baridi unataabika.

Mawaridi yale huitwa echeveria. Jina limetokana na Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa karne ya 18, na kwao hasa ni Mexico, nyingi zikitoka milimani, ambako mchana kuna jua kali na usiku kuna baridi. Dar, usiku wa Februari joto huzungukia nyuzi 25, na hewa ni nzito kama mvuke wa sufuria. Dada yangu anaishi Iringa. Nilimpa vijani vitatu vilivyodondoka kutoka kwenye bakuli lile kabla halijaharibika, akavilaza juu ya mchanga dirishani. Mwezi wa saba alinitumia picha: echeveria ndogo, imejifunga kama ngumi, kingo nyekundu kama zimepakwa hina. Wekundu ule hauletwi na mbolea. Huletwa na jua la kutosha na usiku wa baridi, na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haiuzwi dukani.

Mtu wa Njombe, Lushoto, Arusha au Nairobi anaweza kuziiga picha za watu wa California kwa kiasi kikubwa. Mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja akiiga, ananunua maua ya kukata yenye mizizi. Yatapendeza miezi mitatu, na kama bei yake haikuumi, si dhambi.

Lakini pwani tuna utajiri ambao wenzetu wa mbali huununua kwa bei kubwa. Zamioculcas, ile yenye vijani vinavyong'aa kana kwamba vimepigwa kiwi, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Waholanzi walianza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990, na sasa inasimama kwenye mapokezi ya ofisi za Dar kama mgeni kutoka Ulaya. Sansevieria, zile za majani marefu kama mapanga, zina aina nyingi katika nyika za Kenya, Tanzania na Somalia. Aina moja ya mashariki mwa Kenya, pinguicula, husimama juu ya mizizi minene kama imevaa magongo, na ukiitazama unaweza kudhani iko safarini. Wanasayansi wameziingiza sansevieria zote kwenye jenasi ya Dracaena miaka ya karibuni, lakini kwenye vitalu hakuna aliyebadili kibao.

Adeniamu nayo ni ya huku, kuanzia nyika zetu hadi Yemen na Dhofar kule Oman. Jina lake linatokana na mji wa Aden. Na mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, tunaupita kila siku kwenye uzio. Wamaasai huuita emanyara, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara. Ukiuchukua mnyaa mmoja, ukaupanda peke yake kwenye chungu kirefu cha udongo mwekundu na kuuegemeza ukuta mweupe, mgeni atakuuliza umeagiza wapi.

Tahadhari moja hapa, kisha tuendelee. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari kweli, unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa na kuliumiza jicho vibaya. Utomvu wa adeniamu ulikuwa ukipikwa kuwa sumu ya mishale. Kata kwa glavu, nawa mikono, na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, vyungu hivi vikae juu.

Sasa turudi kwenye kokoto zilizolala majini, maana hapa ndipo penye fundo.

Karibu kila mtu ameambiwa aweke kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Hata wanaotoboa tundu huziweka. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe mpaka ijae, kisha ishike imelala bapa juu ya vidole vilivyoachana. Itachuruzika, halafu itakoma. Ukidhani imemaliza, isimamishe kwa upande wake mrefu. Maji yanaanza kudondoka tena, ingawa hukuikamua na sifongo ni ileile. Kilichobadilika ni kimo.

Udongo ni sifongo. Maji hushuka mpaka yanafika mahali ambapo uzito wake hauwezi tena kushinda nguvu ya vitundu vidogo vinavyoyashikilia, na hapo yanabaki, yakifanya ukanda wa tope sehemu ya chini ya udongo, hata kama tundu lipo na liko wazi. Ukanda huo una kimo chake kulingana na wembamba wa chembe za udongo. Ukiweka kokoto chini, maji hayarukii humo kwa furaha. Hukwama juu yake, kwa sababu vitundu vidogo vya udongo vinayavuta kuliko uwazi mkubwa kati ya kokoto. Hushuka tu pale udongo wa juu yake unapokuwa umelowa chapachapa. Kwa maneno mengine, kokoto hazikuondoa ukanda wa tope. Zimeunyanyua, zikausogeza karibu na mizizi.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Chungu kirefu humwaga maji vizuri kuliko bakuli bapa lenye udongo uleule, kwa kuwa ukanda wa tope unachukua sehemu ndogo ya kimo chake. Lile bakuli bapa ambalo picha zote hulipenda ndilo gumu kuliko yote, na anayelitaka lazima udongo wake uwe wa chembe nene zaidi kuliko wa chungu kirefu. Kinachopitisha maji, basi, huchanganywa ndani ya udongo wote, toka juu hadi chini. Chini kabisa unahitaji kitu kimoja tu, nacho ni cha kuzuia udongo usidondoke kwenye tundu. Mimi hutumia kipande cha chandarua kilichochakaa.

Udongo wenyewe? Kwa Dar nachanganya sehemu 3 za vitu vigumu na sehemu 1 ya mboji iliyooza vizuri. Vitu vigumu ni mchanga wa mto uliopitishwa kwenye chekeche, na hapa watu hukosea: kinachopita kwenye chekeche kimwage, kinachobaki juu ndicho unachotaka. Chenga za mkaa zile zinazobaki chini ya gunia zinafaa sana, osha vumbi lake kwanza. Tofali la kuchoma lililopondwa, kwa walio bara, ni zuri mno, maana linanyonya maji kidogo na kuyaachia polepole. Kenya, kuelekea Naivasha, na kwetu kule Rungwe, kuna pumisi, jiwe la volkano jepesi linaloelea, na aliye karibu nalo asihangaike na lingine. Mchanga wa bahari uache ufukweni: una chumvi, na mwingi ni mwembamba. Watu wa nyanda za juu wanaweza kupunguza vitu vigumu mpaka sehemu 2 kwa sababu hewa yao ni kavu zaidi, lakini mwezi wa sita hadi wa nane, kwa Nairobi hasa, baridi na mawingu hufanya udongo uchelewe kukauka, kwa hiyo wasilegeze sana.

Chungu cha udongo uliochomwa kinapumua, maji hutokea ubavuni. Plastiki haipumui. Hiyo haina maana plastiki ni mbaya. Ina maana vyungu viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cha udongo na kingine cha plastiki, havimwagiliwi siku moja. Sufuria iliyotoboka tayari imefanya nusu ya kazi. Birika la zamani, kikombe cha bati, ndoo ya rangi, vyote vinakubali msumari na nyundo. Kioo kisicho na tundu mimi nimeachana nacho moja kwa moja.

Tuje kwenye kupendeza. Fundi wa bakuli langu alipanda aina saba. Nadhani alitaka nione thamani ya hela. Lakini jicho likikutana na maumbo saba yanayosukumana halipati pa kukaa, na isitoshe saba zile hazikunywa pamoja: kaktasi zilitaka kiu ndefu, ile ya shanga ilitaka kivuli, mawaridi yalitaka baridi. Tangu hapo nina kanuni yangu ya aina tatu, isizidi, na zote ziwe zinaweza kumwagiliwa siku moja na kusimama kwenye jua moja. Ukiifuata kwa ukali, utagundua inakufanyia pia kazi ya kupanga, kwa sababu mimea ya mazingira yanayofanana mara nyingi ina sura zinazopatana. Rangi ya kijivu ya mshubiri wa nyika na sansevieria ya majani ya mviringo zinaafikiana bila kusaidiwa, kwa kuwa jua lililozifinyanga ni lilelile.

Chungu ninachokipenda kuliko vyote sasa hivi kina aina mbili tu. Ni mtungi wa udongo uliovunjika shingo, wa kimo cha magoti. Katikati kidogo, si katikati kabisa, imesimama sansevieria ya mviringo yenye mikuki mitano. Chini yake kuna mishubiri midogo ya madoa, mitatu, imekaa upande mmoja tu, na upande wa pili nimeacha wazi. Uwazi huo nimeutandika kokoto za rangi ya kahawa na jiwe moja la matumbawe lenye ukubwa wa ngumi. Watu huniuliza pale nitapanda nini. Sitapanda kitu. Upande ule mtupu ndio unaoifanya mikuki ionekane mirefu, na mishubiri itauhitaji ikianza kuzaa watoto. Bakuli lililojaa siku ya kwanza halina pa kukulia, na katikati ya majani yaliyobanana hewa haitembei, unyevu unatuama, na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wanapata nyumba. (Wakifika, pamba ya sikio yenye spiriti huwamaliza ukiwawahi.)

Kokoto za juu si pambo tupu. Zinazuia tope lisirukie majani mvua ikipiga, na shingo ya mmea inakaa pakavu. Ila ziwe za rangi tulivu. Zile zilizopakwa bluu na pinki hushindana na mmea, na mara nyingi hushinda.

Adeniamu haitaki mwenza. Ipande peke yake kwenye bakuli pana, na kila ukiihamisha, baada ya mwaka au miwili, nyanyua kitako chake sentimita mbili tatu juu ya udongo kuliko kilivyokuwa. Mizizi minene inabaki wazi, inajipinda kama vidole vya mzee, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, hata isipokuwa na ua.

Ukitaka cha kuning'inia, kuna rhipsalis, mmea wa nyuzi za kijani unaoota juu ya miti kwenye misitu yenye unyevu ya Kenya na Tanzania. Ni kaktasi. Katika ukoo mzima wa kaktasi, ambao kwao ni Amerika, aina hii pekee ndiyo iliyokutwa pia ikiishi porini Afrika bila kuletwa na watu. Haina miiba ya kuogopesha, inapenda kivuli na kinywaji cha mara kwa mara. Ukiipanda na adeniamu kwenye bakuli moja kwa sababu tu zote ni sakulenti, mmoja wao utamzika. Kama umeipata kitaluni sawa, lakini usiende kuing'oa msituni. Hata mishubiri ya porini, aina zote isipokuwa alovera, imo kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, yaani CITES.

Kuhusu jua, vitabu vya Ulaya vitakuambia utafute dirisha linalotazama kusini. Usivisikilize. Sisi tuko karibu na ikweta, upande wake wa kusini kidogo. Mwezi wa sita jua letu la mchana liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Roshani yangu inatazama kaskazini, kwa hiyo inaoga jua katikati ya mwaka na kukaa kivulini Desemba, na vyungu vinahama kufuatana nalo. Roshani ya magharibi ndiyo kali kuliko zote, jua la saa tisa alasiri pale linaivisha. Na mmea uliotoka kitaluni chini ya neti ya kivuli usiuweke juani siku hiyohiyo. Mpe wiki mbili za jua la asubuhi tu. Jani likiungua, doa halifutiki mpaka jani lenyewe lizeeke.

Kumwagilia nitasema kwa ufupi. Kunyunyiza kidogo kila jioni ndiko kunakoua, kwa sababu juu panalowa, mizizi ya chini haifikiwi, na shingo haikauki. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu, kisha subiri udongo ukauke wote. Kijiti cha mishikaki ndicho kipimo changu: kichomeke mpaka chini, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na rangi nzito au kikiwa baridi shavuni, ondoka. Kwangu Agosti huwa kama kila siku nane au tisa kwa chungu cha udongo. Masika huwa sifuri, na vyungu vyote nahamishia chini ya upenu.

Bakuli jeupe nimelipeleka kwa fundi wa vigae, amelitoboa tundu kwa keekee yenye ncha ya kutobolea kioo huku akimwagia maji lisipasuke. Nimelijaza mchanganyiko wa kokoto, mkaa na kiganja kimoja cha mboji, nikapanda mnyaa mmoja wa urefu wa kidole. Haujaanza kupendeza bado.